Fankisheni moja yatosha? Mjadala kuhusu programu zinazosubiri matukio

Chama kimoja cha akiba na mikopo kinataka michango ya wanachama ilipwe kwa simu bila karani kugusa daftari. Mwanachama anaomba kulipa, kidirisha cha M-Pesa kinatokea kwenye simu yake, anaweka namba ya siri, na salio lake linasogea. Kazi ya namna hii imeshazoeleka Kenya. Kinachogombaniwa ni jinsi ya kuandika ile sehemu inayopokea majibu. Upande mmoja unasema: andika fankisheni moja, yaani kipande cha msimbo kinachopewa kitu na kurudisha kitu, kisha iachie fremuweki kazi ya kuiita kila tukio linapofika. Upande wa pili unasema urahisi huo umebeba deni ambalo halijaandikwa popote.

Nimewakalisha watatu mezani: Kijana, anayeandika msimbo wa seva, Mzee, aliyeanza na Java ilipotoka, na Mhasibu wa chama, ambaye hakuitwa kujadili programu bali kutia saini bajeti. Wao ni wa kubuni. Hoja zao hubishaniwa kila mahali panapoandikwa programu zinazoendeshwa na matukio, na sijaona sababu ya kuzilainisha.

KIJANA: Mzee, tazama mambo yanavyokwenda. Seva yetu inatuma ombi la malipo kupitia Daraja, kiolesura cha M-Pesa kwa waandishi wa programu. Jibu la papo hapo halisemi kwamba pesa zimelipwa. Linasema ombi limepokewa, na linatupa namba ya kulifuatilia, CheckoutRequestID. Baada ya hapo tunamsubiri mwenye simu. Huenda anatafuta miwani. Huenda yumo kwenye matatu na mkono mmoja ameshika chuma. Akiweka namba ya siri, au akighairi, ndipo matokeo yanapoletwa kwenye anwani tuliyoitoa. Hilo ndilo tukio. Ninachotaka kuandika ni hiki tu: tukio likifika, fanya hivi. Sitaki kujua soketi inafunguliwaje, foleni inasomwa na nani, wala klasi ipi inarithi klasi ipi.

MZEE: Hayo nimeyasikia tangu 1996, kijana wangu. Java ya kwanza, ukitaka kitufe kifanye kazi, ulirithi klasi ukaandika upya handleEvent, na ndani yake mlolongo wa kuuliza: ni hiki? ni kile? Mwaka uliofuata, kwenye toleo la 1.1, wakaleta wasikilizaji. Tukashukuru. Lakini ukitaka kusikia kipanya kimebofywa tu, MouseListener ilikudai uandike vitendo vitano: kubofya, kubonyeza, kuachia, kuingia, kutoka. Vinne uliviandika mabano matupu. Java yenyewe ikaona aibu ikatoa MouseAdapter, klasi ambayo kazi yake yote ni kukuandikia utupu huo.

KIJANA: Si unanitetea sasa?

MZEE: Subiri kidogo. Mwaka 2014 ikaja Java 8, na kitufe kikawa mstari mmoja: unakipa fankisheni isiyo na jina, basi. Kipanya hakikupata bahati hiyo, kwa sababu mstari mmoja hauwezi kujibu maswali matano. Na yale matano hayakuwa upuuzi mtupu. Ukitaka kujua kwamba mtu anaburuta picha, lazima ukumbuke kuwa alibonyeza na bado hajaachia. Kumbukumbu hiyo hukaa kati ya tukio na tukio. Kwangu mimi ilikaa ndani ya objekti, mahali ninapopaona. Fankisheni yako ikimaliza, imemaliza. Nani anakumbuka?

Swali hili la Mzee ndilo mjadala wenyewe, na ni la zamani kuliko Java yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lauer na Needham walieleza kwamba mifumo inayojengwa kwa kupeana ujumbe na ile inayojengwa kwa michakato inayosubiriana ni pande mbili za kitu kimoja; ukiwa na ule unaweza kuufasiri kuwa huu. Ungedhani ubishi ungekoma. Mwaka 1996 John Ousterhout akasimama mbele ya mkutano wa USENIX kueleza kwa nini nyuzi, zile njia nyingi za utendaji ndani ya programu moja, ni wazo baya kwa kazi nyingi, na kwamba matukio yangefaa zaidi. Mwaka 2003 von Behren, Condit na Brewer wa Berkeley wakajibu kwa makala ambayo kichwa chake kiligeuza cha Ousterhout juu chini: matukio ndiyo wazo baya, hasa kwa seva zenye wateja wengi. Watu wazima, wasomi, wakijibizana kwa vichwa vya habari. Napenda fani yenye ugomvi wa namna hiyo.

Kilichowapa watu wa matukio ushindi wa muda ni hesabu, si falsafa. Mwaka 1999 Dan Kegel aliuliza kwa nini seva moja isihudumie wateja 10,000 kwa pamoja, ilhali mashine zilikuwa na nguvu za kutosha. Ukimpa kila mteja uzi wake, kila uzi unadai nafasi yake ya kumbukumbu hata kama mteja amekaa kimya. Ukitumia mzunguko mmoja unaouliza nani ana jambo, aliyekaa kimya hakugharimu karibu kitu. Novemba 2009, Berlin, Ryan Dahl akaonyesha Node.js, mazingira ya kuendesha JavaScript kwenye seva, na seva ya wavuti ikawa fankisheni moja inayopokea ombi na jibu. Mzunguko uliendelea kuwepo, ila uliondolewa machoni.

KIJANA: Na 2014 Amazon wakaondoa hata seva. Huduma yao, AWS Lambda, inanipa fankisheni yenye vitu viwili, tukio na mazingira yake, na nalipia muda inapofanya kazi tu. Tangu Desemba 2020 muda huo unahesabiwa kwa milisekunde moja moja. Chama hiki michango yake inamiminika mwisho wa mwezi mishahara ikiingia. Katikati ya mwezi, saa nane usiku, nani analipa? Kwa nini tuweke mashine inayowaka bure?

MZEE: Hapo sina neno. Nina neno kwa hicho unachokiita fankisheni. Ukiiita kwa njia isiyosubiri jibu, ikianguka katikati inajaribiwa tena, mara mbili zaidi usipobadilisha mipangilio. Na nyaraka zao zenyewe zinakwambia tukio lilelile linaweza kukufikia zaidi ya mara moja hata bila kosa lolote. Halafu kuna hili la kusema haina hali, yaani haikumbuki kitu. Mazingira yake hutumika tena kwa mwito unaofuata. Kigezo ulichokiweka nje ya fankisheni leo asubuhi unaweza kukikuta na thamani ya mteja aliyepita. Kwa hiyo ina kumbukumbu, ila ni kumbukumbu isiyoahidi kitu.

KIJANA: Ndiyo maana hatuweki kitu hapo isipokuwa muunganisho wa hifadhidata.

MZEE: Umenisaidia. Kikomo cha kawaida cha fankisheni zinazoendeshwa kwa wakati mmoja ni 1,000 kwa akaunti katika kanda moja. Hifadhidata ya PostgreSQL ikitoka kiwandani inakubali miunganisho 100. Mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, kila nakala ya fankisheni yako inabisha hodi kwa muunganisho wake. Waliobaki nje watakosea, wakikosea watajaribiwa tena, na kujaribiwa tena ni kubisha hodi tena.

KIJANA: Tunaweka kikomo chetu, tunaweka kitu cha kugawa miunganisho katikati...

MZEE: Na hicho cha katikati kinahitaji mipangilio, na mipangilio inahitaji faili, na faili linahitaji mtu anayelielewa. Fankisheni ilikuwa na mistari mitano. Niambie sasa mfumo una mingapi.

Mzee anapiga hapa kwa haki, ingawa anasahau jambo moja: objekti yake aliyoipenda ilikaa ndani ya programu moja, kwenye mashine moja, mbele ya mtu mmoja mwenye kipanya. Mwanachama wa chama anayelipa kwa simu yuko nje ya seva ya chama. Seva ikizimwa na kuwashwa kati ya ombi na jibu, ile kumbukumbu anayoiona kwa macho imekwenda na maji. Hoja ya wapi hali ikae haimalizwi kwa kusema ndani ya objekti.

MHASIBU: Mtanisamehe, mimi haya ya nyuzi siyajui. Nina maswali mawili. La kwanza: jibu la malipo likija mara mbili, mwanachama ataandikiwa mchango mara mbili?

KIJANA: Hapana, mama. Kila malipo yaliyofanikiwa yanakuja na namba ya risiti. Tunaiweka kwenye jedwali na kuliamuru lisikubali namba hiyo mara ya pili. Jibu la pili linagonga ukuta, nasi tunajibu kwamba tumepokea, basi.

MHASIBU: Vizuri. Na lisipokuja?

KIJANA: Jibu?

MHASIBU: Ndiyo. Mwanachama anasema pesa zimekatwa, ana ujumbe kwenye simu. Kwako hakuna kitu. Fankisheni yako inasemaje?

KIJANA: Haisemi. Haijaitwa.

Nimesoma maelezo mengi ya violesura vya aina hii, na karibu yote huanza na mfano wa tukio linalofika. Mistari mitano, tukio linaingia, jibu linatoka, msomaji anashangilia. Ni nadra kukuta mfano wa tukio lisilofika, na sababu iko katika umbo lenyewe: kitu kinachosubiri kuitwa hakina njia ya kujua kwamba kilipaswa kuwa kimeitwa. Mtindo wa zamani wa kuandika hatua kwa hatua, tuma kisha subiri, ulikuwa na ubaya wake, lakini kusubiri kulikuwa mstari unaoonekana, na mtu aliyeufikia alijiuliza nitasubiri hadi lini. Kwenye fankisheni mstari huo haupo. Aliyeondoa usumbufu wa kusubiri ameondoa na mahali pa kujiulizia.

MZEE: Mama ametumalizia kesi.

KIJANA: Bado. Muda wenyewe unaweza kuwa tukio. Ombi likitumwa, napanga na kengele: dakika kadhaa zikipita bila jibu, fankisheni inaitwa na kengele, inauliza Daraja ombi hili limefikia wapi. Njia ya kuuliza ipo. Sihitaji kuacha mtindo wangu, nahitaji kuongeza aina ya tukio.

MZEE: Na kengele ikilia wakati uleule jibu linapoingia?

KIJANA: Basi tusiandike fankisheni mbili zinazogusa daftari kila moja kivyake. Tuandike moja ya kuamua. Inapewa vitu viwili, hali ya ombi hili ilivyo sasa na tukio lililofika, inarudisha hali mpya. Haigusi hifadhidata, haitumi ujumbe, haiangalii saa ya ukutani. Ombi huwa katika moja ya hali nne: limetumwa, limelipwa, limekataliwa, halijulikani. Limetumwa, likaja jibu lenye msimbo 0: limelipwa. Limetumwa, likaja 1032, maana yake mwenye simu ameghairi: limekataliwa. Limetumwa, kengele ikalia: halijulikani, kaulize. Halijulikani, likaja 0 limechelewa: limelipwa. Limelipwa, kikaja chochote kingine: linabaki limelipwa.

MZEE: Rudia hiyo ya mwisho.

KIJANA: Linabaki limelipwa.

MZEE: Limelipwa, na sasa imekuja 0 yenye namba ya risiti tofauti?

Kijana alinyamaza, kisha akaandika kitu kwenye karatasi. Hapo ndipo nilipoanza kuupenda upande wake. Swali la Mzee limewezekana kuulizwa, na kujibiwa, bila kuwasha seva, bila simu, bila shilingi moja kutoka mfukoni mwa mtu. Umbo hili la hali na tukio kuzaa hali mpya si la Kijana. Evan Czaplicki aliliweka kuwa kiini cha lugha ya Elm, aliyoitoa 2012. Maktaba ya Redux ya 2015 ililipeleka kwa kundi kubwa la watu wa JavaScript ambao hawangeigusa Elm hata kwa kulipwa. Jérémie Chassaing alikwenda mbele zaidi akatenganisha fankisheni mbili: moja inaamua ni matukio gani yatokee kutokana na amri na hali, nyingine inaendeleza hali kutokana na matukio. Kwa daftari la fedha huo mgawanyo una maana kubwa, kwa sababu mkaguzi huuliza nini kilitokea na nani aliamua, na hayo ni maswali mawili.

MZEE: Nakubali kuamua kuwe fankisheni. Sikubali mseme imeisha. Jibu na kengele vimeingia sekunde moja, nakala mbili za fankisheni zimesoma hali ileile, limetumwa, kila moja ikaamua lake kwa usahihi kamili. Nani anaandika wa mwisho?

KIJANA: Kila hali ina namba ya toleo. Nasoma toleo la 7, naandika kwa sharti kwamba bado ni la 7. Aliyechelewa anakataliwa, anasoma upya, anaamua upya. Kwa kuwa kuamua hakugusi kitu nje, kurudia hakuna hasara.

MZEE: Sharti hilo liko kwenye hifadhidata, si kwenye fankisheni yako.

KIJANA: Liko kwenye hifadhidata.

MZEE: Basi tuelewane. Ulikuja hapa na kauli kwamba fankisheni moja yatosha. Sasa tuna fankisheni ya kuamua, kengele, jedwali lenye sharti la risiti, namba za matoleo, kikomo cha miunganisho. Mimi sipingi hata kimoja. Nimechoka tu kuuziwa mistari mitano.

Hukumu yangu naitoa hapa, kabla hawajanichosha. Kwa kuamua, fankisheni imeshinda. Sioni klasi yenye vigezo kumi vinavyobadilika ikisomeka vizuri kuliko jedwali lile la hali nne na matukio yake. Kwa kubeba, yaani kupokea, kuhifadhi, kurudia na kukata tamaa, kiolesura cha fankisheni moja ni pazia, na pazia si kosa mradi maelezo yake yaseme kilicho nyuma. Kiolesura ninachokiamini kinaniambia ukurasa wa kwanza kama tukio hufika mara moja au zaidi, kama mpangilio wake hulindwa, na nini hutokea fankisheni ikianguka kwa mara ya tatu. Vingi vinaniambia jinsi ya kuchapisha salamu kwenye skrini.

KIJANA: Kuna jambo Mzee hajalisema na lina uzito kuliko yote aliyosema. Fankisheni zikifika arobaini, zimeunganishwa kwa foleni, hakuna faili hata moja unaloweza kulisoma ukajua mchango unatoka wapi hadi wapi. Nimewahi kuifuata njia hiyo kwa kutafuta jina la foleni kwenye mafaili yote. Mwishowe nilichora.

MZEE: Nilikuwa nimekuhifadhia hilo.

KIJANA: Dawa imekuwa kurudi kuandika hatua kwa hatua. JavaScript ilitupa async na await mwaka 2017, baada ya miaka ya fankisheni ndani ya fankisheni ndani ya fankisheni, mabano yakikimbilia upande wa kulia wa skrini. Dahl mwenyewe alisema mwaka 2018 anajutia kuziondoa ahadi (promises) kwenye Node mapema 2010. Zingebaki, tungefika haraka.

MZEE: Na Java 21 ya Septemba 2023 imeleta nyuzi pepe, nyepesi, unazifungua maelfu kwa maelfu. Andika tuma, subiri, hifadhi, kwa mistari mitatu inayofuatana, kama 1996. Hesabu ya Kegel hainitishi tena.

KIJANA: Uzi wako pepe ukisubiri mwanachama atafute miwani, nasi tukaweka toleo jipya la programu katikati?

MZEE: Uzi unakufa na toleo la zamani.

KIJANA: Basi kwa kusubiri kwa sekunde, nyuzi. Kwa kusubiri kwa dakika na kuendelea, hali ihifadhiwe na fankisheni iitwe.

MZEE: Andika hivyo kwenye nyaraka, kwa maneno hayohayo, na uweke sababu.

MHASIBU: Mimi bado sijatia saini. Ile hali ya nne, halijulikani. Umeuliza Daraja, na huko nako hujapata jibu la kueleweka. Ombi linakaa humo hadi lini?

KIJANA: Hadi mtu alitazame.

MHASIBU: Mtu gani?

KIJANA: Nilidhani... wewe, mama.

MHASIBU: Basi nataka orodha yake kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, na jina la mwanachama, na kiasi, na saa aliyoomba. Na nataka kitufe cha kuandika uamuzi wangu, kikiwa na jina langu. Uamuzi wangu nao si tukio?

KIJANA: Ni tukio.

MHASIBU: Je, ile fankisheni yako ya kuamua inalijua?

MZEE: Hailijui. Hali nne, na matukio ya aina mbili, jibu na kengele. Binadamu hayumo.

Kijana aligeuza karatasi, akaongeza safu ya tatu kwenye jedwali, akaanza kujaza kutoka juu: limetumwa, Mhasibu akaamua. Alisita kwenye mstari wa limelipwa, maana hapo palikuwa na suala la kama Mhasibu anaruhusiwa kufuta malipo yaliyokwisha kuthibitishwa. Mhasibu akasema haruhusiwi peke yake, sheria za chama zinadai saini mbili. Mzee akauliza kama saini mbili ni tukio moja au mawili.